Rimoti ya Kiyoyozi Iko kwa Nani?

Hivi kwa nini kampuni ikitaka kuonyesha kwamba inajali mazingira ni lazima itoke nje ya ofisi yake? Nimekuwa nikijiuliza swali hili kwa muda sasa, na wiki hii nimeona niliweke hapa ili tusaidiane mawazo.

Kazi yangu ya kuandika habari inanipeleka sana kwenye hafla za kupanda miti. Mnazijua. Mwaliko unaletwa, basi dogo linatuchukua waandishi saa mbili asubuhi, tunafika kwenye shule ya msingi fulani nje kidogo ya jiji. Pale tunawakuta wafanyakazi wa kampuni wamevaa fulana mpya na kofia zenye nembo. Mashimo yalishachimbwa jana yake na watu ambao hawapo kwenye picha. Meneja anashika mche, kamera zinapiga, anaumwagia maji kutoka kwenye chupa ya plastiki, watu wanapiga makofi. Hotuba, soda, tunarudi mjini. Kesho yake gazetini inasomeka kwamba kampuni fulani imepanda miti kadhaa kuokoa mazingira. Baada ya miezi sita hakuna anayerudi kuhesabu ni miche mingapi iliyo hai.

Sisemi kupanda miti ni vibaya. Dar es Salaam hii ilivyo na jua, kila kivuli kina faida. Ninachosema ni kwamba ile fulana inavuliwa, meneja anarudi ofisini kwake, na ofisi inaendelea kama ilivyokuwa jana.

Siku moja baada ya hafla ya namna hiyo nilimfuata afisa uhusiano wa kampuni husika, dada mmoja mchangamfu kweli. Nikamuuliza: "Dada, mwaka jana ofisi zenu zilitumia uniti ngapi za umeme?" Akacheka. "Kaka, hilo swali la mhasibu hilo." Kwa bahati mhasibu naye alikuwepo, amekaa chini ya mwembe anakunywa soda. Nikamuuliza. Akaniambia fedha waliyolipa anaweza kunitafutia, ila uniti hajui, na kwani nazitaka za nini? Alinitazama kama mtu aliyeulizwa mshahara wake.

Hapo ndipo nilipoanza kuangalia ofisi kwa jicho jingine, kuanzia chumba chetu wenyewe cha habari.

Kwetu kuna stika. Ziko juu ya kila swichi: "Zima taa unapotoka." Ni stika nzuri, zina picha ya jani la kijani. Nani alizibandika sijui, ila namshukuru, kwa sababu zilinifanya nichukue kalamu nipige hesabu. Taa moja ya LED ya siku hizi ni wati 9 hivi. Taa 100 ni wati 900. Sasa inua macho uangalie ukutani. Kiyoyozi kimoja cha kawaida, kile wanachokiita cha BTU 12,000, kinavuta wati 1,000 au zaidi pale kompresa inapofanya kazi. Kwa maneno mengine, kiyoyozi kimoja kinakula kuliko taa 100. Stika juu ya kiyoyozi hakuna.

Tuendelee na hesabu, maana si ngumu. Chukua ofisi yenye viyoyozi 10, si ofisi kubwa hiyo. Vinawashwa saa mbili asubuhi, vinazimwa saa kumi na mbili jioni, kama vinazimwa. Kompresa inapumzika hapa na pale, kwa hiyo tuseme kila kimoja kinakula uniti 7 kwa siku. Vyote 10 ni uniti 70. Zidisha kwa siku 22 za kazi, unapata uniti 1,540 kwa mwezi. EWURA ilipopanga bei za umeme mwaka 2016, iliwaweka kwenye daraja la bei nafuu wateja wadogo wa majumbani wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Gawanya mwenyewe. Ofisi moja ya viyoyozi 10 inapoza hewa kwa umeme unaotosha nyumba 20 za namna hiyo, taa, redio, televisheni na simu zote zikichajiwa. Tena hapo sijagusa kompyuta, printa, wala lile birika la chai lisilopoa.

Haya, sasa tuje kwenye swali la kichwa cha habari. Rimoti iko kwa nani?

Ofisi nyingi nilizoingia hapa mjini, rimoti iko kwa mwenye cheo. Na mwenye cheo amevaa suti. Suti yenyewe ni ya sufu, ina bitana ndani, chini yake shati la mikono mirefu, shingoni tai. Hii ni Dar es Salaam, mwezi wa pili, nje joto nyuzi 32 na unyevu wa bahari. Mtu aliyevaa hivyo hana jinsi, lazima aweke nyuzi 17. Wengine wote waliobaki wanatetemeka. Kina dada wanakuja na sweta na mitandio ofisini kana kwamba tuko Makete. Nimeona mtu amefungua dirisha ili apate joto kidogo huku kiyoyozi kinanguruma. Jamani!

Na nani atamwambia? Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa stori, ambaye malipo yake ya mwezi juzi bado hayajatoka? Binti wa mafunzo kazini anayesubiri barua ya tathmini? Mhudumu? Ndiyo maana nasema mazingira ndani ya ofisi si suala la elimu peke yake. Kila mtu anajua kwamba baridi imezidi. Anayeisikia hana rimoti, na mwenye rimoti haisikii.

Katika ofisi yetu mtu anayejua matumizi ya umeme kuliko wote si meneja wala mhasibu. Ni dada yetu mhudumu. Yeye ndiye anayeingiza zile tarakimu 20 za LUKU kila umeme ukikaribia kuisha. Ukimuuliza, anakujibu bila kuangalia popote: siku fulani tunakula sana, siku fulani kidogo, Jumapili viyoyozi vya upande ule viliachwa vikiwaka chumba kikiwa hakina mtu. Yote haya anayo kichwani. Hajawahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja cha kupunguza gharama, na vikao hivyo kwenye magazeti siku hizi havikosekani. Tunapunguza kurasa, tunapunguza safari za mikoani, tunapunguza watu. Baridi hatupunguzi.

Kuna imani moja nataka niivunje kabla sijasahau. Watu wengi wanaamini kwamba ukiweka nyuzi 16 chumba kinapoa haraka zaidi kuliko ukiweka 24. Kwa kiyoyozi cha kawaida si kweli. Kompresa inasukuma kwa nguvu ileile. Tofauti ni kwamba ukiweka 24 itafika na kupumzika, ukiweka 16 itaendelea kuhangaika mchana kutwa, hasa kama mlango uko wazi. Wahindi wameshalifanyia kazi jambo hili. Idara yao ya matumizi bora ya nishati inasema kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa asilimia 6 hivi ya umeme wa kiyoyozi, na tangu Januari 2020 viyoyozi vipya vya vyumbani nchini India vinatakiwa vitoke kiwandani vikiwa vimewekwa nyuzi 24. Atakayetaka baridi zaidi abonyeze mwenyewe. Ukitoka 18 kwenda 24 unaokoa karibu theluthi. Kwa ile ofisi yetu ya mfano ni uniti zaidi ya 500 kwa mwezi. Kwa bei ya 2016 ya wateja wa kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi, ni kama shilingi 146,000. Si utajiri, nakubali. Ila ni stori kadhaa za mwandishi wa mkoani ambaye anaambiwa kila mwezi asubiri kidogo.

Suti nayo ina dawa yake. Mwaka 2005 serikali ya Japani, chini ya Waziri Mkuu Junichiro Koizumi na Waziri wa Mazingira Yuriko Koike, ilianzisha kampeni iliyoitwa Cool Biz. Ofisi za serikali ziliweka viyoyozi nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watumishi wakaambiwa wavue tai na koti. Koizumi mwenyewe akaonekana hadharani bila tai. Fikiria Wajapani na heshima zao za ofisini! Walielewa kwamba huwezi kupandisha nyuzi bila kwanza kumvua bosi koti. Na bosi wa bosi ndiye alianza kuvua.

Sisi wala hatuhitaji kwenda Japani. Wazee wetu walikuwa na Kaunda suti, shati na suruali vya kitambaa kimoja, mikono mifupi, shingo wazi. Mawaziri waliivaa, wakuu wa mikoa waliivaa, na hakuna aliyewaona wahuni. Leo kijana anayeenda kwenye usaili wa kazi benki akivaa hivyo ataonekana ametoka kwenye picha ya mwaka 1975. Tumevaa mavazi ya nchi yenye barafu, kisha tunatengeneza barafu ukutani ili mavazi yatufae.

Kuna kitu cha pili ukutani ambacho hesabu ya LUKU haikionyeshi kabisa. Ni gesi. Mara ngapi umesikia ofisini, "kiyoyozi hakipoi, muite fundi aongeze gesi"? Fundi anakuja, anaunganisha mpira wake, anajaza, analipwa, anaondoka. Baada ya miezi mitatu anarudi tena. Gesi ile haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, ujue inavuja mahali. Mpaka uvujaji uzibwe, kuongeza ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Na wapo mafundi ambao kabla ya kujaza mpya wanaifungulia ya zamani yote hewani. Tsssss, imekwisha.

Inakwenda wapi? Ukitaka kujua, soma kibandiko kilichoko ubavuni mwa ile mashine ya nje. Kitakuambia aina ya gesi na kiasi chake. Ukikuta R-22, hiyo ni ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni na kuipasha dunia joto. Ukikuta R-410A, ozoni haiigusi, lakini kilo moja ikitoka angani, kwa kipindi cha miaka 100 inaleta joto sawa na kilo zaidi ya 2,000 za hewa ya ukaa. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7. Kwa hiyo kilo moja ya gesi iliyofunguliwa pale nje dakika tano tu ni sawa na kuchoma lita zaidi ya 700 za dizeli. Gari la kampuni litazunguka mjini miezi mingapi kabla ya kumaliza mafuta hayo? R-32, inayotumika kwenye mashine nyingi mpya, ina madhara karibu theluthi moja ya hayo. Bado si malaika, lakini ni afadhali.

Hili si jambo la mbali la Wazungu. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulishughulikia gesi zinazoharibu ozoni. Nyongeza yake ya kupunguza hizi zinazoleta joto, za aina ya R-410A, ilikubaliwa Oktoba 2016 hapa kwa jirani zetu, Kigali, na inaitwa kwa jina la mji huo. Nyongeza iliyokubaliwa jirani kabisa na kwetu, na fundi anayepanda ngazi ofisini kwetu hajaambiwa kitu. Simlaumu fundi. Analipwa kujaza, halipwi kutafuta tundu.

Najua kuna msomaji atasema: sasa hivi umeme si tunao? Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115, wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024. Ni kweli, na baada ya mgawo wa mwishoni mwa 2023 wengi tulishukuru. Ila bwawa linakunywa mto. Moja ya mito inayolilisha Rufiji ni Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka sehemu zake ndani ya Hifadhi ya Ruaha wakati wa kiangazi. Wenye umri zaidi yangu watakumbuka mgawo wa 2006, Mtera ilipokosa maji na jiji zima likageuka karakana ya jenereta. Umeme ukikatika leo, ofisi ileile yenye nyuzi 17 inawasha jenereta. Jenereta linalokula lita 10 kwa saa, likiunguruma saa nane, linatoa zaidi ya kilo 210 za hewa ya ukaa kwa siku moja. Kadiri ofisi inavyohitaji umeme mwingi, ndivyo inavyonunua jenereta kubwa zaidi.

Na majengo je? Tumejaza jiji majengo ya vioo vitupu, madirisha hayafunguki, jua la magharibi linaingia moja kwa moja. Bila kiyoyozi huwezi kukaa humo hata saa moja. Lakini mchoraji wetu Beda Amuli alipochora Soko la Kariakoo miaka ya 1970, aliliwekea paa la miavuli mikubwa ya zege inayotoa kivuli, inayoacha hewa ipite na kukusanya maji ya mvua. Soko liliungua Julai 2021, lakini aliyewahi kuingia humo mchana wa jua anajua ninachosema. Kule Harare kuna jengo la ofisi na maduka, Eastgate, lililochorwa na Mick Pearce na kukamilika 1996. Halina viyoyozi vya kawaida. Linapitisha hewa baridi ya usiku kwenye zege ili mchana lipoe, kwa wazo lililotokana na kichuguu. Harare iko juu na usiku wake ni baridi, kwa hiyo hatuwezi kulinakili pale Posta. Ila swali alilojiuliza Pearce linatuhusu: hapa nilipo, hewa na jua vinakujaje?

Mimi ni mpangaji kama nyie, siwezi kubomoa vioo. Mengine tunaweza. Mapazia upande wa jua la jioni. Vichujio vya kiyoyozi visafishwe, maana vikijaa vumbi mashine inahangaika bure. Milango ifungwe. Fundi apewe kazi ya kutafuta panapovuja kabla ya kuongeza, na alipwe kwa kazi hiyo. Karatasi za prufu zitumike pande zote mbili. Na tuwe waangalifu na zinakoishia. Juzi nimenunua karanga pale kituoni, nikafungua kifurushi nikakuta nakula ndani ya barua ya siri ya ofisi fulani, muhuri na sahihi vyote vipo! Na vikaoni tuweke jagi na glasi, badala ya zile chupa za plastiki zinazonywewa nusu halafu zinasafiri hadi dampo la Pugu Kinyamwezi. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 na hatukufa.

Lakini yote hayo yanafuata baada ya jambo moja: idadi ya uniti ibandikwe ukutani. Kila mwezi, karatasi moja mlangoni, mwezi huu tumetumia ngapi, mwezi uliopita ngapi. Dada mhudumu anazo, hazihitaji mtaalamu kutoka nje. Namba ikishakuwa mlangoni, binti wa mafunzo halazimiki tena kumwambia bosi kwamba anasikia baridi. Namba itamwambia, na haina mkataba wa kuogopa kukatishwa.

Kwa waandishi wenzangu nina ombi dogo. Tukialikwa tena kupanda miti twende, tuandike, ni habari. Ila kabla ya kupanda basi kurudi mjini mmoja wetu aulize swali langu la uniti. Akicheka mtu, aandike kwamba alicheka. Wakiulizwa kwenye hafla tatu mfululizo, ya nne watakuja na jibu.

Na wewe uliye ofisini sasa hivi, inuka uangalie ukutani inasoma nyuzi ngapi, kisha uangalie rimoti iko mezani kwa nani. Mwaweza kuniambia mlichokikuta.

Naomba kutoa hoja.